Shajara ya Mradi: Kuzilinda Akaunti za Kikundi Chetu cha Michezo ya Video dhidi ya Matapeli wa Mtandaoni

Jumamosi. Kikao cha kuanzisha mradi

Tumekubaliana leo kwamba kazi ya kulinda akaunti haitaachiwa tena kila mchezaji aifanye kivyake. Kwa muda mrefu ushauri uliokuwa ukizunguka kati yetu ulikuwa ule ule wa kuwa mwangalifu na kutobonyeza viungo usivyovijua. Ushauri huo si mbaya, ila hautoshi, kwa sababu kiungo kinachomponza mchezaji mara nyingi hutoka kwa rafiki anayemfahamu, ndani ya mazungumzo waliyoyaanza wao wenyewe zamani, na hufika saa ambayo mchezaji amechoka au anaharakisha kuingia kwenye mechi. Lengo nililoliandika juu ya ukurasa wa kwanza, na wenzangu wakaliridhia, ni hili: kila akaunti ya kikundi ipangwe kwa namna ambayo kosa moja la mwenyewe, lifanyike wakati wowote ule, lisitoshe kuipoteza.

Kuhusu ukubwa wa tatizo hatukuhitaji kukisia. Mwezi Desemba 2015 kampuni ya Valve, inayoendesha Steam, duka la michezo ya kompyuta la mtandaoni, ilitangaza yenyewe kwamba akaunti zipatazo 77,000 zilikuwa zikitekwa na kuporwa kila mwezi, na ikaeleza kwamba walioporwa hawakuwa watu wageni katika michezo, bali walikuwamo hata wachezaji wa kulipwa na wafanyabiashara wazoefu wa vitu vya ndani ya mchezo. Nimelisoma tangazo hilo mbele ya kikao kwa makusudi, kwa sababu baadhi ya wakongwe wetu walikuwa wakiuona mradi huu kuwa ni wa wanachama wachanga tu.

Mimi nimepewa kazi ya kuandika shajara. Nitaeleza tulichofanya, tulichoamua na sababu zake, ili atakayejiunga baadaye asilazimike kuuliza upya.

Jumapili. Tunalinda nini hasa

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, kila mwanachama ameandika vitu vilivyomo katika akaunti yake. Vya kwanza vilikuja bila kufikiri: michezo iliyonunuliwa, skini (mapambo ya ndani ya mchezo) za silaha, sarafu za ndani ya mchezo, kadi ya benki iliyohifadhiwa. Kisha mjadala ukafika kwenye kitu ambacho wengi hawakukiandika, nacho ni orodha ya marafiki. Tapeli akiiteka akaunti yenye miaka mingi, yenye jina linaloheshimiwa na marafiki mamia, huwa amepata mdomo wa kuaminika wa kuwatapeli wengine wote. Skini zitauzwa siku hiyo hiyo, lakini imani ya marafiki itatumika mpaka mtu wa mwisho atakaposhtuka. Kwa sababu hiyo nasisitiza kwamba mwanachama anayesema akaunti yake haina cha maana cha kuibiwa bado anawahatarisha wenzake.

Baada ya hapo tumechora mishale kuonyesha akaunti ipi ikitekwa inaifungua ipi. Akaunti ya mchezo imeunganishwa na ya kifaa cha kuchezea, hiyo imeunganishwa na ya mazungumzo, na zote zina kitufe cha kuomba nenosiri jipya kwa barua pepe. Mishale yote imeishia kwenye sanduku la barua pepe, na papo hapo mpangilio wa kazi zetu ukajulikana.

Jumanne. Barua pepe na manenosiri

Kazi ya leo haikuwa na mvuto kwa wengi, lakini kwa maoni yangu ndiyo iliyobeba uzito kuliko zote. Kila mwanachama amefungua mipangilio ya barua pepe yake na kukagua mambo ambayo watu hawayaangalii kwa miaka: namba ya simu ya kurejeshea akaunti ni ya laini anayoitumia sasa au ya laini aliyoiacha, vifaa vilivyoingia katika akaunti ni vyake vyote, na hakuna kanuni ya kupeleka au kuficha barua ambayo hakuiweka yeye. Jambo hili la mwisho linahitaji maelezo. Mwizi aliyepata kuingia kwenye barua pepe hata mara moja anaweza kuweka kanuni inayopeleka nakala ya kila barua kwake, au inayozificha barua zote zinazotoka kwenye kampuni ya mchezo, na kanuni hiyo huendelea kufanya kazi hata baada ya nenosiri kubadilishwa. Mwenye akaunti anabadilisha nenosiri la mchezo, anaamini amemfungia mwizi nje, kumbe kila barua ya kubadilisha nenosiri inamfikia mwizi pia.

Kuhusu manenosiri, tumeamua kwamba hakuna nenosiri litakalotumika mahali pawili. Sababu yake ni rahisi kueleza. Aprili 2011 mtandao wa PlayStation ulidukuliwa, na taarifa za akaunti zipatazo milioni 77 zikaingia mikononi mwa watu wasiojulikana. Tangu wakati huo uvujaji wa namna hiyo umezikumba tovuti na huduma nyingi mno. Wadukuzi huchukua jozi za barua pepe na manenosiri zilizovuja mahali pamoja, kisha huzijaribu kwa programu maalumu katika mamia ya huduma nyingine. Hapo mchezaji hajahadaiwa wala hajabonyeza chochote, isipokuwa nenosiri alilolitumia kwenye tovuti aliyoisahau ndilo linalofungua akaunti anayoithamini. Tumetumia huduma ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa na Troy Hunt mwaka 2013, kuangalia anwani zetu, na anwani kadhaa zimeonekana kwenye uvujaji wa zamani.

Suala la kubadilisha manenosiri kila baada ya muda fulani limezua ubishi. Nimeeleza kwamba mwongozo uliotolewa mwaka 2017 na NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, uliachana na kumlazimisha mtumiaji kubadilisha nenosiri kwa ratiba, kwa kuwa watu huishia kuongeza tarakimu moja mwishoni, na badala yake ukataka nenosiri lilinganishwe na orodha ya yale yaliyokwisha kuvuja. Tumeufuata mwongozo huo. Manenosiri yatatengenezwa na kuhifadhiwa na programu ya kuhifadhi manenosiri, yatakuwa marefu, na yatabadilishwa pale tu panapokuwa na sababu. Wanaochezea kwenye televisheni, ambao huandika kwa kuchagua herufi mojamoja kwa rimoti, wataiagiza programu iwatengenezee nenosiri la maneno kadhaa yasiyohusiana, ambalo ni refu lakini linaandikika.

Alhamisi. Ujumbe wa "nimekuripoti kwa bahati mbaya"

Leo mwenzetu mmoja amepokea ujumbe ambao nauweka hapa wote, kwa kuwa ni mfano kamili wa utapeli unaozunguka kati ya wachezaji:

"Samahani sana ndugu yangu. Nimekuripoti kwa bahati mbaya, nilidhani wewe ndiye uliyenitapeli, majina yenu yanafanana. Nimejaribu kuifuta ripoti imeshindikana. Msimamizi anasema akaunti yako itafungwa leo isipokuwa umwandikie wewe mwenyewe umweleze. Jina lake hili hapa."

Ujumbe umetoka kwenye akaunti ya mtu aliyewahi kucheza nasi, akaunti ambayo tayari ilikuwa imetekwa. Tumeusoma pamoja sentensi kwa sentensi. Unaanza kwa kuomba radhi, na mtu anayekuomba radhi si rahisi kumshuku. Haukuombi chochote kwa ajili ya mwandishi, unakuomba ujiokoe mwenyewe. Unataja leo, ili usipate usiku wa kufikiri. Mwisho unakukabidhi kwa mtu wa pili, anayejiita msimamizi, na huyo ndiye mwizi halisi, au ni yule yule kwa jina jingine. Msimamizi huyo atakuomba picha ya ukurasa wa akaunti, kisha risiti za manunuzi, kisha atakutaka ubadilishe anwani ya barua pepe ya akaunti uweke anayokupa yeye kwa ajili ya uhakiki, au umsomee msimbo uliokufikia sasa hivi. Wengine huelekezwa kununua kadi za zawadi ili kuthibitisha kwamba pesa zao ni halali.

Kinachobomoa hadithi yote ni utaratibu wenyewe wa huduma hizi. Ripoti hupokelewa na mfumo wa kampuni, aliyeripoti hapewi jina la mfanyakazi anayeishughulikia, na mfanyakazi hamfuati mchezaji kwenye mazungumzo ya faragha. Steam na Discord, huduma ya mazungumzo ya wachezaji, zote zimeeleza hivyo wazi katika kurasa zao za msaada. Mbinu ya kujifanya mfanyakazi ni ya zamani: katika miaka ya 1990 watumiaji wa AOL waliandikiwa na watu waliojifanya wafanyakazi wa kampuni hiyo wakiombwa manenosiri, hadi AOL ikaweka onyo kwamba hakuna mfanyakazi wake atakayeuliza nenosiri la mtu. Miongo imepita, na bado mbinu ni hiyo hiyo.

Mwenzetu hakujibu ndani ya mazungumzo hayo. Alimpigia simu mwenye akaunti, ambaye hakuwa na habari kwamba ameshapoteza akaunti yake. Kutokana na tukio hili tumepitisha kanuni ya kikundi: ombi lolote linalohusu pesa, msimbo, msimbo wa QR, faili, kura ya kuiunga mkono timu fulani, au kubadilishana vitu, lithibitishwe kwa sauti kupitia njia nyingine. Kumuuliza mtu "ni wewe kweli?" ndani ya mazungumzo yale yale ni kumuuliza mwizi, naye atajibu kwamba ni yeye.

Jumamosi. Jaribio la dirisha bandia

Mwenzetu anayejua kutengeneza kurasa za tovuti ametuandalia ukurasa wa mafunzo, uliohifadhiwa kwenye kompyuta yake tu na usiotuma kitu popote. Ukurasa unaonekana kuwa wa mashindano, wenye kitufe kikubwa cha kuingia kwa akaunti ya mchezo. Ukikibonyeza hutokea dirisha dogo la kuingilia, lenye jina sahihi la kampuni juu yake, anwani sahihi kabisa ya tovuti, na alama ya kufuli. Wengi wetu tumeiangalia anwani, tukaisoma herufi kwa herufi, tukasema ni salama.

Dirisha hilo halikuwa dirisha. Lilikuwa ni mchoro ndani ya ukurasa, na anwani ile ilikuwa ni maandishi yaliyochorwa kama unavyochora kitu kingine chochote. Mbinu hii ilielezwa hadharani na mtafiti mmoja wa usalama mwezi Machi 2022, na Septemba ya mwaka huo kampuni ya Group-IB ikatoa maelezo ya jinsi ilivyokuwa ikitumiwa dhidi ya watumiaji wa Steam walioalikwa kujiunga na timu za mashindano. Kinachonisumbua kuhusu mbinu hii ni kwamba inamwadhibu yule aliyefuata ushauri wa kuangalia anwani, kwa sababu anwani anayoiona ni sahihi.

Kwenye kompyuta ipo njia ya kuligundua. Lishike dirisha kwa kipanya ulivute kuelekea ukingoni mwa kivinjari. Dirisha halisi litatoka nje ya kivinjari na kuendelea kuelea juu ya skrini, ilhali la bandia litakwama ukingoni, kwa kuwa haliwezi kutoka nje ya ukurasa uliolichora. Vilevile ukikishusha kivinjari, la bandia hutoweka pamoja nacho. Tumefanya jaribio hilo kila mmoja kwa zamu yake, maana kulisoma hakufanani na kuliona likikwama.

Simu, hata hivyo, haina madirisha ya kuvutwa. Hapo ndipo programu ya manenosiri inapokuwa na faida ambayo sikuisisitiza vya kutosha Jumanne. Programu hiyo haiangalii nembo wala maandishi, inaangalia tovuti halisi iliyofunguliwa, na ikiwa si ile iliyosajiliwa haijazi nenosiri. Kwa hiyo programu isipojaza mahali ambapo kwa kawaida hujaza, mwanachama asinakili nenosiri na kulibandika kwa mkono, bali aondoke hapo. Kanuni ya jumla tuliyoiandika ni kwamba hakuna kuingia kwenye akaunti kupitia kiungo kilicholetwa na mtu. Kama kweli kuna tangazo, zawadi au onyo, litaonekana pia ukifungua programu ya mchezo wewe mwenyewe.

Anwani bado zina umuhimu wake, nasi tumezipitia kwa haraka. Herufi r na n zikikaribiana huonekana kama m, na matapeli hulitumia hilo sana. Jina la mchezo likitangulia mwanzoni mwa anwani halimaanishi kitu. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza unaofuata jina la tovuti, kisha usome kurudi kushoto, kwani mwenye tovuti ni yule anayetajwa karibu kabisa na mkwaju huo. Alama ya kufuli nayo inaonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani, na tovuti ya tapeli inaweza kuwa nayo kama nyingine yoyote. Watengenezaji wa kivinjari cha Chrome waliiondoa alama hiyo kwenye upau wa anwani mwaka 2023 kwa sababu watu walikuwa wakiielewa vibaya.

Jumatatu. Uthibitishaji wa hatua mbili, na pale unapokomea

Kila akaunti sasa ina hatua ya pili ya uthibitishaji, yaani baada ya nenosiri huombwa kitu kingine, kama msimbo wa muda mfupi. Kampuni za michezo zilianza mapema kuliko watu wanavyodhani, kwani Blizzard ilianza kuuza kifaa chake cha misimbo mwaka 2008, na mwaka 2018 Epic Games iliwazawadia wachezaji wa Fortnite mtindo mpya wa kucheza dansi kwa kuwasha hatua mbili. Nadhani uamuzi huo wa Epic ulikuwa wa busara sana, kwa sababu kijana asiyejali neno usalama anaijali dansi.

Tumeanza na misimbo ya programu badala ya ujumbe mfupi wa simu, kwa kuwa tapeli anaweza kuihadaa kampuni ya simu impe laini mpya yenye namba yako, na kuanzia hapo misimbo yote humwendea yeye. Msimbo wa programu hutengenezwa ndani ya simu yenyewe, kwa kawaida una tarakimu sita, na hubadilika kila sekunde 30.

Lakini sikutaka wenzangu waondoke wakiamini kwamba tarakimu sita zimemaliza kazi. Ukurasa bandia wa kisasa haukusanyi tu nenosiri la kutumiwa baadaye. Unapoandika nenosiri, programu ya tapeli inaliandika wakati huo huo kwenye tovuti halisi. Tovuti halisi inaomba msimbo, ukurasa bandia nao unakuomba msimbo, unauandika, na kabla sekunde 30 hazijaisha tapeli yumo ndani. Msimbo ni sahihi, umetoka kwenye simu yako, isipokuwa umeupeleka mahali pasipo pake. Msimbo wa QR una udhaifu huo huo. Discord na Steam zinakuruhusu kuingia kwa kupiga picha ya msimbo wa QR kwa simu iliyokwisha kuingia, na tapeli huuchukua msimbo wa kuingilia wa kompyuta yake akakuletea kama njia ya kupokea zawadi au kujihakiki. Ukiupiga picha na kukubali, umemruhusu yeye kuingia.

Kinachozuia hila hii ni funguo za siri (passkeys), ambazo simu au kompyuta hutengeneza kwa ajili ya tovuti moja tu. Tovuti bandia ikiomba, kifaa hakina ufunguo wa kuipa, kwa kuwa anwani si ile iliyosajiliwa, na hapo umakini au uchovu wa mchezaji haubadilishi chochote. Teknolojia iliyo chini yake, WebAuthn, ilipitishwa kuwa kiwango rasmi cha wavuti mwaka 2019, na PlayStation ilianza kukubali funguo hizo mwaka 2024. Tumeamua kuzitumia kila mahali zinapokubaliwa, tukianza na barua pepe. Pale zisipokubaliwa tutabaki na misimbo ya programu, huku tukijua mipaka yake.

Jumatano. Faili, vidakuzi na "nijaribie mchezo wangu"

Kikao cha leo kimekuwa kirefu, na kwa haki, kwa sababu hii ndiyo njia inayowapita hata wenye nenosiri bora na hatua mbili.

Unapoingia kwenye huduma, kivinjari hupewa kidakuzi kinachoithibitishia tovuti kwamba umeshahakikiwa. Ni kama tiketi iliyokwisha kugongwa muhuri mlangoni: anayeishika hupita bila kuulizwa jina. Programu hasidi za wizi wa taarifa huvichukua vidakuzi hivyo pamoja na manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari, huvituma kwa mwizi, naye huingia kana kwamba ni wewe, bila kuombwa nenosiri wala msimbo. Kidakuzi cha Roblox, jukwaa la michezo linalopendwa na watoto, kimeandikwa ndani yake onyo kwamba kisigawiwe mtu, kwa sababu matapeli huwaelekeza watoto wakinakili wenyewe na kukibandika kwenye mazungumzo, wakiahidiwa Robux, yaani sarafu za Roblox, za bure. Wanachama wetu wadogo tumewaambia bila kuzunguka kwamba hakuna programu inayozalisha Robux wala sarafu za mchezo wowote, kwa kuwa hesabu ya sarafu hizo iko kwenye seva za kampuni, haiko kwenye kifaa chao.

Programu hasidi hizi hujificha mahali ambapo wachezaji wanapenda kwenda: programu za udanganyifu zinazoahidi kukulengea shabaha, michezo ya kulipia iliyovunjwa kufuli, na faili la rafiki anayekuambia ametengeneza mchezo wake wa kwanza na anaomba uujaribu. Maelezo ya programu za udanganyifu mara nyingi hukuelekeza uzime kwanza kinga ya virusi, kwa hoja kwamba inaleta makosa. Maelekezo hayo peke yake yanatosha kuwa sababu ya kulifuta faili. Hata duka rasmi si kinga kamili, kwani Februari 2025 Valve iliuondoa kwenye Steam mchezo wa PirateFi baada ya kubainika kuwa una programu hasidi, na ikawaonya waliokuwa wameufungua. Mwezi Oktoba 2024 polisi wa Uholanzi pamoja na washirika wao wa kimataifa waliivuruga mitambo ya RedLine, mojawapo ya programu maarufu za wizi wa taarifa, na tunashukuru kwa hilo, ila programu za namna hiyo ni nyingi na huuzwa kwa yeyote anayelipa.

Uamuzi: manenosiri yaliyohifadhiwa ndani ya vivinjari yahamishiwe kwenye programu maalumu na kufutwa huko. Hakuna kuendesha faili lililotumwa kwenye mazungumzo, hata likitoka kwa kiongozi wa kikundi. Wanachama wanaotumia kompyuta moja na ndugu zao wameomba maelekezo ya kutenganisha akaunti za kompyuta, na mmoja wetu anayaandaa.

Ijumaa. Biashara ya vitu na ufunguo wa API

Hii inawahusu wachache wetu wanaobadilishana skini, lakini nimeshangazwa na idadi ya waliokuwa hawaijui. Mchezaji akiwahi kuingia kwenye tovuti bandia ya biashara, mwizi anaweza asiibe kitu siku hiyo. Anajitengenezea ufunguo wa API, yaani msimbo unaoiruhusu programu ya nje kushughulika na akaunti, kwenye akaunti ya Steam ya mchezaji, kisha anasubiri. Siku mchezaji anapotuma skini ya thamani kwa mtu sahihi, programu ya mwizi inaifuta ofa ile na kuweka nyingine inayofanana, kwa akaunti iliyonakili jina na picha ya mpokeaji. Mchezaji anafungua simu, anaona jina analolitarajia, anathibitisha kwa kidole chake mwenyewe.

Tumefungua pamoja ukurasa wa ufunguo huo. Mchezaji wa kawaida hana sababu ya kuwa nao, na akiukuta aufute, abadilishe nenosiri na kuviondoa vifaa vyote kwenye akaunti. Kabla ya kuthibitisha kwenye simu, tutalinganisha kiwango cha akaunti ya mpokeaji na tarehe aliyojiunga, kwa kuwa mwizi hawezi kuvinakili hivyo kwa urahisi kama jina na picha. Steam nayo imeweka breki zake: ofa isiyothibitishwa kwa programu ya simu inaweza kuzuiliwa hadi siku 15, na tangu 2025 vitu vya Counter-Strike 2 vilivyobadilishwa vinaweza kurudishwa ndani ya siku 7. Kuhusu mtu wa kati anayejitolea kushika vitu vya pande zote mbili, kikundi hakitamtumia yeyote.

Jumapili. Zoezi la uokoaji

Tumejifanya akaunti ya mmoja wetu imetekwa, tukamtaka aeleze atakachofanya. Karibu wote walitaja kubadilisha nenosiri kwanza, kwenye kompyuta ile ile. Ikiwa kompyuta ina programu hasidi, nenosiri jipya litaibwa dakika hiyo hiyo, kwa hiyo mpangilio tulioukubali unaanza na kifaa kingine kilicho safi. Kwa kifaa hicho linda barua pepe kwanza, futa kanuni za kupeleka barua, ondoa vifaa vyote vilivyoingia. Kisha nenda kwenye akaunti ya mchezo: nenosiri jipya, kuvitoa vifaa vyote, kuangalia namba ya simu na ufunguo wa API. Wakati huo huo mwenzako mmoja awatangazie marafiki kupitia njia nyingine kwamba akaunti hiyo haiko mikononi mwako. Kompyuta iliyoambukizwa isitumike kuingia popote mpaka mfumo wake usakiniwe upya.

Kama mwizi ameshabadilisha kila kitu, kinachobaki ni kuithibitishia kampuni kwamba akaunti ni yako, na ushahidi huo hukusanywa kabla ya msiba. Tumeandaa bahasha kwa kila mwanachama, ya karatasi, yenye misimbo mbadala, msimbo wa kurejesha wa Steam unaoanza na herufi R, anwani ya kwanza kabisa iliyosajili akaunti, na nakala za risiti za manunuzi ya awali. Picha ya misimbo hiyo kwenye simu haikubaliki, kwa sababu simu ikiibwa kila kitu kimekwenda pamoja.

Onyo moja limeongezwa mwishoni mwa zoezi. Anayelalamika hadharani kwamba amepoteza akaunti hufuatwa mara moja na watu wanaodai wanaweza kuirudisha kwa malipo. Hawa ni matapeli wa zamu ya pili, wanaomtafuta mtu aliyeumia na mwenye haraka. Uokoaji hupitia ukurasa wa msaada wa kampuni yenyewe, unaofunguliwa kwa kuandika anwani kwa mkono.

Kazi zilizobaki: wanachama watatu hawajaweka funguo za siri kwa kuwa simu zao ni za zamani, na tunatafuta kama vifunguo vya kuchomeka kwenye USB vitawafaa. Maelekezo ya kutenganisha akaunti za kompyuta bado yanaandikwa. Mwenye akaunti iliyotuletea ujumbe wa Alhamisi ameomba kujiunga na zoezi lijalo, na tumempangia nafasi ya kwanza, kwa kuwa kampuni ilimtaka risiti ya mwanzo kabisa na aliipata jana kwenye barua pepe zake za zamani.